Muulize Mwalimu: Bomu la Kuogea kwa Mtu wa Beseni

Mbukwenyi wasomaji wangu. Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache kwamba zawadi ya Krismasi unaweza kuitengeneza jikoni kwako kwa bekingi soda na asidi ya sitriki, nikimaanisha lile donge la rangi linalochemka likitumbukizwa majini, wanaloliita bomu la kuogea. Simu haijatulia tangu hapo. Nimefundisha kemia hadi nikastaafu, na tabia za darasani hazijaniisha: aliyeuliza la maana namjibu kwa kirefu, aliyeuliza la kuvizia mtihani namjibu kwa mstari mmoja.

Shikamoo Mwalimu. Naona kwenye simu watu wa Ulaya wakitumbukiza mabomu haya kwenye hodhi la kuogea, maji yamejaa hadi kifuani. Mimi kwangu kuna ndoo, kopo na beseni, na maji yenyewe ni ya mgao. Je, kuna maana yoyote mtu kama mimi kutengeneza? Kama ipo, nipe vipimo.
*Mama wa Wawili, Nkuhungu*

Marahaba mwanangu. Maana ipo, ila uache kuiga ukubwa. Mabomu haya yalianzia Dorset, kusini mwa Uingereza, mwaka 1989, kwa mikono ya Mo Constantine, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Lush. Wazo alilipata kwenye kidonge cha Alka-Seltzer kinavyochemka. Aliwatengenezea watu wanaojaza hodhi zima na kujilaza humo, ndiyo maana madonge yao yana ukubwa wa chungwa. Wewe una beseni la lita tano au sita, na ndoo zako umezipigia hesabu hadi siku ya maji kutoka. Donge kubwa ndani ya beseni ni kuloweka miguu kwenye chumvi tupu.

Tengeneza vidogo, vya ukubwa wa ndimu, gramu 30 hivi kila kimoja, na viwe vya miguu. Krismasi ya Dodoma inatukuta na visigino vilivyopasuka kwa kiangazi kirefu, magaga yanakwaruza shuka usiku. Beseni moja la maji ya uvuguvugu jioni ya tarehe 24, ukishamaliza kuchambua mchele na kumenya vitunguu saumu, hiyo ni zawadi ya haki kwa mwanamke aliyesimama tangu alfajiri. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Ukizidisha, ngozi inakauka badala ya kulainika. Maji ukimaliza mwaga uani. Usiyamwagie mchicha, yana chumvi ya sodiamu.

Kinachochemka ni kilekile kinachochemka kwenye Eno unayokunywa pilau likikukaa vibaya: baikaboneti ya sodiamu na asidi ya sitriki. Zikiwa kavu hazisumbuani. Maji yakiingia, asidi inaishambulia baikaboneti na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi, ndiyo ile povu.

Vipimo vyangu ni hivi, na ninapima kwa mizani, si kwa kikombe: bekingi soda gramu 200, asidi ya sitriki gramu 100, wanga wa mahindi (ule mweupe laini wa kukolezea mchuzi, si unga wa ugali) gramu 100. Mafuta vijiko vitatu vya chai. Utapata vidonge 13 na vumbi kidogo la kubaki.

Wanafunzi wangu wa zamani watauliza kwa nini soda ni mara mbili ya asidi. Kwa hesabu ya kemia, gramu 100 za asidi ya sitriki kavu zinamaliza gramu 131 za baikaboneti. Inayozidi tunaiacha makusudi, ili ikosekane asidi itakayobaki kuwasha penye mchubuko.

Mafuta tumia ya alizeti, tunakaa katikati ya mashamba yake, kuanzia Kongwa hadi Singida. Chukua yaliyochujwa vizuri, yale mazito yenye harufu yatakufanya unuke jikoni. Ukiwa na mafuta ya mbegu za ubuyu, weka hayo. Vijiko vitatu si vinne: mafuta yakizidi, kidonge hakishikani na beseni linateleza.

Chekecha soda na wanga pamoja, ondoa mabonge. Tia asidi, changanya. Funika pua na mdomo kwa kitambaa na vaa glavu kama una mkwaruzo mkononi, maana vumbi la asidi ya sitriki likiingia jichoni utakumbuka dhambi zako zote. Nyunyiza mafuta huku ukifikicha kwa vidole kama unavyofanya kwenye unga wa chapati. Kisha chukua chupa ya kupulizia yenye spiriti ya kusafishia vidonda, ile ya duka la dawa, upulizie kidogo kidogo. Fumbata kiganjani: ukifungua mkono na donge likabaki donge, acha kupulizia. Watu wengi wanapulizia mara moja zaidi kwa tamaa, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Shindilia kwenye kikombe kidogo cha kahawa, geuza juu ya karatasi, gonga. Viache kivulini, pasipo na mvuke, usiku na mchana wa kutosha, siku mbili ikiwezekana. Spiriti inawaka, kwa hiyo jiko la mkaa liwe mbali.

Mwalimu shikamoo. Mwezi wa kumi nilitengeneza kwa vipimo hivi hivi, vikatoka vigumu na laini. Juzi baada ya mvua ya kwanza nimerudia, vimeumuka kama maandazi na kupasuka vyenyewe juu ya meza. Soda ni ileile. Nimekosea wapi na Krismasi ndiyo hii?
*Dada wa Kisasa*

Marahaba. Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, na kosa si lako, ni la kalenda. Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba na kwenda hadi Aprili. Oktoba hewa yetu ni kavu hadi midomo inapasuka. Nguo uliyoanika saa nne, saa sita unaikunja. Ukitengeneza wakati huo, hata ukipulizia maji badala ya spiriti utasalimika, maji yanakimbia kabla hayajafanya kazi. Desemba mvua ikishashuka, hewa ileile inabeba unyevu, na asidi ya sitriki hupenda kunyonya unyevu. Kidonge kinaanza kuchemka polepole hapo mezani. Gesi inakosa pa kutokea, inakisukuma kutoka ndani. Ndiko kuumuka unakokuona.

Kwa hiyo Desemba tunabadili mambo kadhaa. Maji weka kando kabisa, tumia spiriti peke yake. Fanya kazi saa saba au saa nane mchana siku ambayo haikunyesha, jua likiwa limeshakausha hewa; asubuhi na mapema unyevu ndio umekaa juu kuliko saa zote. Na usifanyie jikoni maharage yakiwa motoni. Chumba cha kulala chenye dirisha wazi ni maabara nzuri kuliko jiko.

Kama kwenye vipimo vyako uliongeza chumvi ya Epsom, ambayo wengi wanaiongeza kwa kuwa wameisoma mahali, itoe kwa msimu huu. Ukiishika mkononi ni kavu, lakini zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya chenga zake. Mimi siitumii mwaka mzima. Kwenye beseni la miguu sijaona ilichoniongezea.

Halafu soda yenyewe. Ile inayopimwa kwa kijiko dukani kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa tangu Eid imeshakunywa hewa. Nunua pakiti iliyofungwa. Najua kuna atakayefikiria kuikausha kwenye kikaango, na nimeshaulizwa hilo na zaidi ya mmoja: usifanye hivyo. Baikaboneti ikipata moto wa nyuzi 80 na kupanda, huanza kuachia gesi yake na kugeuka kaboneti ya sodiamu, yaani soda ya kufulia. Utatengeneza kidonge cha kung'oa mafuta ya ngozi.

Vikishakauka, weka kwenye chupa pana ya kioo au kopo la siagi lenye mfuniko, na chini yake mchele mkavu umefungwa kwenye kitambaa. Ila visubiri kwanza. Kidonge kimoja cha gramu 30 kina uwezo wa kutoa karibu lita tatu za gesi. Ukivifungia vikiwa na unyevu ndani ya chupa ya kioo, unaweza kukuta mfuniko darini au kioo sakafuni.

Hivyo vilivyoumuka usivitupe. Viponde, vianike kwenye sinia ndani ya chumba kikavu, kisha tumia ungaunga, vijiko viwili vya chakula kwa beseni. Vitachemka kidogo tu, lakini mafuta na soda vimo.

Bekingi soda ya kutosha vidonge hivyo naona gharama. Magadi tunayopikia mlenda hayawezi kufanya kazi hiyo? Yanachemka nikiyatilia ndimu, nimejaribu.
*Msomaji, Bahi*

Yanachemka kweli, na jibu ni hapana. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti pamoja na udongo na chumvi nyingine za ziwani. Ukali wake unaushinda mbali ule wa bekingi soda. Kiasi cha ncha ya kijiko kwenye chungu cha mlenda ni kitu kimoja, kuloweka visigino vyenye nyufa ni kitu kingine. Na kwa kuwa tumefika huko: kostiki soda ya watengeneza sabuni isikaribie kabisa kazi hii, inaunguza ngozi. Bekingi pauda nayo siyo bekingi soda, ina asidi na wanga wake tayari, itakupa povu la unyonge.

Shikamoo Mwalimu. Sisi ni wanafunzi, tunataka kutengeneza mabomu ya Kidodoma kabisa: unga wa ubuyu badala ya asidi ya sitriki, na rangi ya rozela au maganda ya zabibu ili yawe mekundu ya Krismasi. Itawezekana?
*Kidato cha Tatu, Hombolo*

Marahaba wanangu. Swali hili limenifurahisha kuliko yote, na nitawaharibia nusu tu ya mpango.

Ubuyu ni mchachu kwa sababu una asidi ya sitriki, ya tartariki na ya maliki, pamoja na vitamini C. Kwa hiyo fikra yenu ni sahihi. Tatizo ni kiasi: sehemu kubwa ya unga ule ni sukari, nyuzinyuzi na pektini, asidi ni sehemu ndogo. Changanyeni kijiko cha ubuyu na robo kijiko cha soda kwenye glasi ya maji, mtaona povu, andikeni kwenye daftari la majaribio. Lakini kwenye beseni mtapata uji wa kahawia unaonata vidoleni. Ubuyu kunyweni.

Zabibu zina jambo zuri zaidi la kuwaambia, nanyi mmekaa katikati ya mashamba yake. Divai ikitulia kwenye mapipa huacha ukoko wa chenga ngumu ubavuni. Ukoko huo ukisafishwa ndio krimu ya tata inayouzwa kwa waoka keki. Ni chumvi ya asidi ya tartariki, nayo ina asidi bado. Kijiko kimoja cha chai kwenye vipimo vyangu hukifanya kidonge kiwe kigumu zaidi, ingawa huyeyuka taratibu kwenye maji baridi.

Rangi sasa. Rozela na maganda ya zabibu nyeusi yana rangi ya jamii moja, anthosiyanini, na rangi hiyo ina vigeugeu: penye asidi ni nyekundu, penye soda inakwenda zambarau na kuishia buluu ya kijivu. Vidonge vyetu vina soda ya ziada, kwa hiyo mkitia rozela mtaloweka miguu kwenye maji ya rangi ya mawingu ya mvua. Manjano nayo hugeuka rangi ya kutu kwenye soda na kulitia doa beseni la mama. Kwa wekundu wa Krismasi tumieni rangi ya chakula ya unga, kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Ila jaribio la rozela msiliache. Gaweni maji yake kwenye glasi tatu: moja ndimu, moja tupu, moja soda. Mwalimu wenu wa kemia atawapenda.

Bibi yangu yuko Kondoa, ana kisukari miaka mingi na miguu yake ina ganzi. Anasema inawaka usiku. Nataka nimpelekee vidonge hivi Krismasi aloweke.
*Mjukuu, Area C*

Usimpelekee, mjukuu wangu, hata kimoja. Mwenye kisukari aliye na ganzi hasikii joto la maji. Anaweza kuungua na asijue. Kuloweka nako kunaikausha ngozi na kufungua nyufa, na ufa mdogo kwenye mguu wa namna hiyo unaweza kuwa kidonda kinachokataa kupona. Mnunulie mafuta ya mgando na soksi laini za pamba zisizobana. Ukifika, mwoshe miguu kwa maji ambayo umeyapima wewe kwa kiwiko, umkaushe hadi katikati ya vidole, umpake mafuta kwenye nyayo na visigino, katikati ya vidole usipake. Uitazame miguu yote miwili, chini na pembeni. Ukiona mchubuko au weusi, kituo cha afya siku hiyohiyo. Na huko kuwaka usiku amweleze daktari wake wa kliniki, kuna dawa.

Wenye vidonda wazi, watoto wa chini ya miaka mitatu na wenye ngozi inayowasha kila mara, nao waachwe. Watoto wakubwa wafundishwe kwamba si pipi. Vina rangi ya pipi na vinakaa kwenye kopo la siagi, kwa hiyo kopo liandikwe na liwekwe juu.

Nataka vinukie Krismasi: mdalasini na karafuu. Niweke matone mangapi ya mafuta yake?
*Mpenda Manukato, Ilazo*

Hata moja. Mafuta ya mdalasini na ya karafuu ni makali kwa ngozi, na kwenye maji yanaelea juu, yanakwenda kukaa palepale ngozi inapogusa maji. Harufu hizo ziache kwenye chai na pilau. Kausha mchaichai, usage, uchekeche kwa kitambaa chepesi, tia kijiko kimoja cha chai. Maganda ya machungwa yaliyokauka na kusagwa nayo ni mazuri. Ukiwa na mafuta ya mchaichai ya chupa, matone 10 kwa mchanganyiko wote, basi.

Na hapa nawasemesha dada na mama zangu bila kuzunguka: haya si maji ya kukalia. Sehemu za siri zina uchachu wake wa asili unaozilinda, na baikaboneti inauvuruga. Waliokuambia inasafisha wamekudanganya. Vidonge hivi mwisho wake ni kifundo cha mguu.

Tunapanda basi kwenda Rombo tarehe 22. Vitafika vizima?
*Mchaga wa Dodoma*

Vitafika kama vimekauka siku mbili kabla ya safari na vimo kwenye kopo gumu, kila kimoja kimeviringishwa kwenye karatasi, mkononi mwako. Chini ya basi kwenye mabegi na magunia ya karanga vitafika unga. Huko mlimani kuna ukungu, kwa hiyo vigawe siku ya kwanza, usivisubirishe hadi tarehe 26.

Nimpe mchumba wangu?
*Kijana wa UDOM*

Mpe. Na beseni mnunulie.

Mwalimu, jirani zangu wameona, wanataka kununua. Naweza kuweka meza soko la Majengo wiki ya Krismasi?
*Mjasiriamali, Chang'ombe*

Wiki hii hapana. Kitu cha kupaka au kulowekea ngozi, ukikiuza, kinahesabiwa kipodozi, na tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Zamani ilikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha wajasiriamali wadogo na kuwaelekeza njia ya kufika TBS. Wakati huo jizoeze mambo ya mteja: mizani moja isiyobadilika, lebo yenye viambato vyote na tarehe uliyotengeneza, na onyo la kisukari kwa herufi zinazosomeka. Vikae kwenye kabati lako kipindi chote cha mvua, uone vingapi vitafika Aprili vikiwa vizima, maana mteja atavihifadhi vibaya kuliko wewe. Jirani zako wape bure Krismasi hii. Atakayerudi Januari kuuliza bei, mwandike jina.